Miaka miwili chuoni, miezi mitatu kazini
(Mhadhara kwa wanachuo wa kike wanaomaliza masomo, Ngamiani, Tanga)

Assalamu alaykum. Shikamooni wakubwa mliokaa mbele. Na nyie wanangu, hamjambo?

Mnamaliza miaka miwili. Wapo wenye astashahada, wapo walioingia na cha sita wakachukua stashahada. Namna ya kutafuta kazi sizungumzii, hilo kila mgeni rasmi huwaambieni. Mimi nataka huo mwaka wa kwanza kazini.

Wa serikalini nitawapita haraka, maana kwao mambo yameandikwa. Mwalimu wa astashahada anaanzia daraja la III A, wa stashahada III B, wa shahada III C. Hata usiporidhika, unajua umesimama wapi. Shughuli iko kwa nyie mtakaokwenda kwa watu binafsi: mapokezi, uhasibu wa maduka, duka la dawa, ofisi za mizigo huko bandarini.

Utapewa mkataba wa miezi mitatu. Ukiisha, mwingine. Halafu mwingine. Kwa nini mitatu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 29, inasema asiyetimiza miezi sita kazini hana likizo ya malipo, na ya uzazi imo humo. Mwajiri mjanja akifika hapo anafunga kitabu. Kumfukuza mtu kwa sababu ya ujauzito sheria inakataza, kwa hiyo hakuna atakayekuandikia hivyo. Utaambiwa tu, "Mkataba umekwisha, mama, kila la heri."

Sasa kisomeni kifungu hichohicho mpaka chini. Uliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri yuleyule, na jumla ikazidi miezi sita ndani ya mwaka huo, likizo ni haki yako. Mitatu mara tatu ni ngapi? Hapa kuna wahasibu, nisiwasumbue.

Binti mmoja aliniletea mikataba yake kwenye bahasha ya kaki. Kila mkataba ulianza siku mbili baada ya ule uliotangulia kwisha, ili ionekane alikuwa akiondoka na kurudi. Wapi! Zile siku mbili alikuwa palepale kaunta. Daftari la mahudhurio lina saini yake, asubuhi na jioni, na yeye kwa akili zake alikuwa amelipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Nilimpenda sana yule mtoto.

Likizo yenyewe ya uzazi ni siku 84 kwa malipo, 100 ukijaaliwa mapacha. Taarifa itoe miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari, na iwe kwenye karatasi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ya mdomo pale koridoni bosi ataisahau, wana vichwa vyepesi hao. Ukirudi, una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi.

Wakikukatalia, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka shauri lako, migogoro mingine siku 60. Wengi hunijia mwezi wa tatu tangu waachishwe, baada ya shangazi na mjomba kwenda kumbembeleza tajiri na kurudishwa na "njooni wiki ijayo". Shangazi aende, sikatazi. Wewe siku hiyohiyo uwe Tume unajaza fomu.

Haya, wenye maswali.