Skeitibodi ya Malindi, monoski ya kwenye theluji

Asalaam aleikum jamani, hamjambo, na nyie mlosimama mlangoni ingieni bwana viti viko. Najua kuna mtu anajiuliza theluji yatuhusu nini sisi wa Malindi, baridi yetu ni kusi ikivuma tu mtu ashavaa sweta, lakini Sabrina Simader alieiwakilisha Kenya kwa ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, Olimpiki ya 2018 kule Korea Kusini kazaliwa hapa hapa Kilifi, kwa hivo msinitolee macho.

Monoski ni ubao mmoja mpana, miguu yote miwili imefungwa juu yake kwa buti ngumu, imelingana, vidole vyatazama mbele, na mkononi una fimbo mbili. Sio snoubodi, snoubodi wasimama ubavu kama skeitibodi. Alieitangaza sana Marekani miaka ya 1970, Mike Doyle, alikuwa mtu wa kusafu mawimbi, mtu wa mbao kama sisi.

Mi nilialikwa na dada yangu alieolewa Italia, nkaenda na kichwa kikubwa, miaka tisa ya skeitibodi, nkajiambia monoski ntaiweza kwa dakika tano tu. Wallahi nilianguka mpaka watoto wakanionea huruma. Balansi ninayo, shida ni mwili wangu kila ukiogopa wageuka ubavu, bega la kushoto latangulia, miguu ishafungwa yaangalia bondeni na mimi huku juu naangalia Lamu.

Niliporudi nkaanza kujifunza monoski juu ya skeitibodi, hivi. Skeitibodi ya kawaida ina upana wa kama sentimita 20, miguu miwili ukiibana yaenea, kwa shida lakini yaenea. Legeza ile nati ya traki, kile chuma cha chini kinachoshika magurudumu, ubao uwe mwepesi kulala. Magoti yashikane kama umefungwa leso. Wataka kona ya kushoto, usivute bega, peleka magoti na nyonga kushoto, juu tulia. Si mmewaona mama zetu na ndoo ya maji kichwani? Kiuno chafanya kazi yote, shingo haina habari. Ndo hiyo hiyo. Fimbo mi natumia mipini ya fagio nimeivisha raba, waigusa chini kona ikianza, wagusa tu, sio kuisukuma kama pondo. Na kokoto moja ndogo gurudumu lasimama wewe waendelea, maana huna mguu wa mbele wa kukushika, so ni sementi laini na helmeti, barabara ya matuktuk hapana.

Kusimama ndo skeitibodi haikufunzi. Kwa theluji waukingamisha ubao, makali ya chuma yakwangua mpaka mwendo wafa, jaribu hivo kwa lami uone utakavorushwa. Hiyo tutaenda kuitafuta Mambrui kwa vile vilima vya mchanga, ubao mtupu bila magurudumu, mchanga wakaba sana kuliko theluji lakini mguu wapata fununu.

Haya, kaka wa nyuma hapo nipitishie ule ubao, tutoke nje kabla ya magharibi.