Dunia Haikubatizwa na Mtu

Nalirudia, maana kila nikimaliza kusema swali ni lilelile: nani aliipa dunia jina? Hakuna. Zuhura, Mirihi na Zohali zilipata majina kwa kuwa watu waliziona angani zikihama. Dunia walikuwa wameikanyaga! Mwanafalaki Copernicus alipoitia kwenye hesabu ya sayari, 1543, kila lugha ilikwisha kuwa na neno la udongo au la makazi, likachukuliwa hilohilo.

Sasa neno lenyewe. Mnawajua kina Husna. Kiarabu kina ahsan, "bora zaidi", kwa kiume. Kwa kike ni husna. Akbar, kubra. Asghar, sughra. Kwa mizani hiyohiyo adna, "karibu zaidi", kike chake ni dunya. Basi dunia ni sifa, na kinachosifiwa ni hayat, maisha: al-hayat ad-dunya, maisha haya ya karibu, mkabala na akhera, yale ya baadaye. Hapo hamna mawe wala bahari. Mtu akiaga dunia, mwili wake si unabaki palepale kwenye sayari? Kwa Kiarabu sayari yetu ni al-ardh. Sisi ardhi tukaiachia viwanja na hatimiliki, dunia ikapandishwa cheo.

Kuna atakayeinua mkono: si inatoka kwenye "duni"? La. Duni ni dun ya Kiarabu, mzizi wake, yaani konsonanti zinazobeba maana, ni d-w-n. Dunia ni d-n-w. Konsonanti zilezile, ila ukigeuza mpangilio umeshahamia mzizi mwingine. Na yule wa "ardhi ndiyo earth ya Waingereza" ananichosha zaidi. Usilinganishe maneno mawili ya leo. Ita ukoo mzima. Ndugu za ardh ni erets ya Kiebrania na ar'a ya Kiaramu: herufi dhadi ya Mwarabu huku imekuwa ts, kule imekuwa herufi aini, hiyo ' ya ar'a. Ndugu za earth ni Erde ya Kijerumani na aarde ya Kiholanzi. Th ya Mwingereza utaifunga kwenye ipi kati ya hizo?

Muda umekwisha, na ya Kibantu sijayagusa. Isi ya Kinyarwanda na ensi ya Kiganda ni ndugu za nchi yetu. Na mzizi huohuo ukiutia -ni unapata chini. Neno sayari lenyewe ni la Kiarabu, "yenye kwenda". Leo ukiagiza sayyara mjini Muscat, utaletewa gari.