Tui Likatike: Mchuzi wa Kithai kwa Viungo vya Kopo

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie upishi wa mchuzi wa Kithai nyumbani kwa kutumia rojo la viungo linalouzwa dukani, na ningependa kwanza tuondoe aibu ambayo wapishi wengi huwa nayo juu ya kopo. Katika masoko ya Bangkok na miji mingine ya Thailand wamo wauzaji ambao kazi yao ni kuuza viungo vilivyokwisha kusagwa, vikiwa vimerundikwa kwenye mabeseni kila rangi mahali pake, na mwenye kwenda kupika hupimiwa kiasi anachotaka akaenda zake. Kutwanga kwenye kinu bado kupo na kunaheshimiwa, lakini anayenunua hahesabiwi kuwa mvivu. Kopo la Maesri la gramu 114, au chombo cha Mae Ploy cha gramu 400, linatimiza haja hiyo hiyo kwa sisi tulio mbali na masoko hayo.

Ndani ya rojo hilo mna pilipili, mchaichai, vitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu, ganda la ndimu ya makrut, na galangali, ambayo ni mzizi wa jamii ya tangawizi wenye harufu kali zaidi. Mara nyingi huongezwa dhania, bizari nyembamba na uduvi waliochachushwa kwa chumvi, kwa hiyo asiyekula viumbe vya baharini asome maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Rojo la kijani hutokana na pilipili mbichi za kijani, na jekundu hutokana na pilipili nyekundu zilizokaushwa. La manjano lina binzari ya manjano na kwa kawaida ndilo lenye upole kuliko mengine, hivyo ndilo ninalowashauri wenye watoto waanze nalo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowaangusha wapishi wa pwani yetu kuliko wengine, kwa sababu wanaijua nazi vizuri mno. Sisi tumefundishwa kwamba chakula huiva kwanza kwa tui jepesi, kisha tui la kasimile, yaani lile zito, hutiwa mwishoni, na mpishi hukoroga bila kuchoka ili tui lisikatike; likikatika, wenye nyumba hutazamana. Mpishi wa Kithai, katika michuzi ya namna hii, huanza na lile zito. Huliweka peke yake kwenye sufuria, akaliacha lichemke juu ya moto wa kati mpaka maji yapungue, sauti ya kuchemka igeuke kuwa ya kukaanga, na mafuta yaanze kujitenga yang'ae pembeni. Hapo ndipo anapotia rojo na kulikaanga ndani ya mafuta hayo ya nazi, dakika tatu au nne, mpaka harufu yake iache ukali wa ubichi na mafuta yachukue rangi ya pilipili.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Harufu za mchaichai, galangali na ganda la ndimu huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100, ilhali mafuta hupata joto kubwa zaidi la kuamsha viungo. Anayemimina kopo zima la tui, akatia rojo juu yake na kukoroga, atapata mchuzi wenye rangi nzuri na ladha ya viungo vibichi vilivyochemshwa, kisha alilaumu kopo.

Kwa hiyo, ukinunua tui la kopo la mililita 400, usilitikise. Lifungue taratibu, uchote lile zito lililoganda juu, na lile jepesi la chini uliweke kando. Tui la boksi mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikamanisha, nalo hukataa kukatika hata ulichemshe kutwa. Dawa yake ni kijiko kimoja cha mafuta ya nazi au mafuta yoyote ya kupikia, ukakaangia rojo humo. Mwenye mbuzi ya nazi nyumbani asihangaike na makopo, kwa kuwa tui lake la kwanza ni bora kuliko yote niliyoyataja.

Kuhusu kipimo, anza na vijiko viwili vya chakula vya rojo kwa tui la mililita 400 na nusu kilo ya kuku. Ukali ukiwa mdogo utaongeza siku nyingine. Ukizidi hakuna wa kuutoa. Kuku wa kisasa, hasa nyama ya mapaja iliyokatwa vipande vyembamba, hutiwa baada ya rojo kukaangika, akageuzwageuzwa, kisha likafuata tui jepesi, na kwa dakika kama kumi huwa ameiva. Kuku wa kienyeji lazima achemshwe kwanza hadi alainike, na supu yake itumike mahali pa maji. Mboga hutiwa mwishoni. Wathai hupenda bilinganya ndogo za mviringo, na nyanya chungu zetu hukaa vyema mahali pake ingawa uchungu wake umezidi kidogo. Majani ya mrehani hutiwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Kuonja ndiyo kazi ambayo kopo halikufanyii. Wathai hukoleza kwa sosi ya samaki, yaani majimaji ya chumvi ya samaki waliochachushwa, na hulainisha kwa sukari ya mnazi au ya mvumo, ambayo sukari guru huweza kuiwakilisha bila aibu. Kwa kuwa rojo la dukani lina chumvi nyingi inayolihifadhi, usitie sosi ya samaki wala chumvi kabla mchuzi haujafikia uzito wake. Tia sukari kidogo kwanza, uonje, kisha sosi ya samaki kwa matone. Ndimu katika mchuzi wa kijani mimi siipendi, kwa kuwa huzima utamu wa tui, ingawa najua hapa wapo watakaonipinga.

Massaman ni mchuzi wa peke yake, nao utawafurahisha wenye mazoea ya pilau. Unahusishwa na Waislamu wa Siam, jina la zamani la Thailand, na tayari ulikuwa na sifa katika ushairi wa Mfalme Rama wa Pili, aliyetawala kuanzia 1809 hadi 1824. Ndani yake mna iliki, mdalasini, karafuu na kungumanga, pamoja na viazi, karanga na ukwaju. Nyama ya ng'ombe ichemke taratibu katika tui jepesi kwa saa moja na nusu au zaidi, na viazi vifuate nyama ikikaribia kuiva. Ukwaju hapa si wa hiari, maana bila ukali wake utamu wa karanga na tui huchosha mdomo mapema.

Wali wa kula na michuzi hii upikwe kwa maji matupu, bila nazi na bila chumvi, kwa sababu mchuzi umebeba vyote viwili. Rojo lililobaki lihamishwe kutoka kwenye kopo la bati hadi chombo chenye kifuniko na liwekwe kwenye friji. Kama hupiki mara kwa mara, ligawe vijiko viwili viwili katika vifuko vidogo uligandishe, na siku ya kupika unalitumbukiza kwenye mafuta ya tui likiwa bado barafu. Sasa nitapokea maswali, na yule dada aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kukatika kwa tui ndiye atakayeanza.