Kiti cha Mbele

Mhadhara kwa walei, Tabora

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko wetu, assalaam aleikum. Wazee wangu wa Unyanyembe, mwangaluka.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Kasulu, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Nimeombwa nizungumze juu ya Wakatoliki waliopata kuwa watu wakubwa katika maisha ya umma, kashfa zao, na jinsi mambo hayo yalivyogusa siasa. Nilipopigiwa simu nikakubali, lakini nilisema nitaanzia kwenye bati.

Kigangoni kwetu, miaka mingi iliyopita, tulisali chini ya paa la nyasi. Masika ikifika tulihamisha mabenchi kukwepa matone. Mwaka wa uchaguzi akaja mheshimiwa mmoja na lori: mabati 80, misumari, hata kofia za kufunika mgongo wa paa. Baada ya komunyo akapewa kipaza sauti. Alikuwa amekalishwa kiti cha mbele, chenye kitambaa cheupe, karibu kabisa na altare, mahali ambapo katekista wetu, aliyetumikia miaka thelathini, hakuwahi kukaa. Tulishangilia. Vigelegele vyangu mimi vilisikika kuliko vya wote.

Mwaka uliofuata wakulima wa bondeni wakaambiwa waondoke kwenye majaruba yao ya mpunga, na kila mtu alijua amri ile ilikotoka. Wazee watatu wakamwendea padre wamwombe aseme neno. Nilikuwepo, nimepeleka daftari la michango ya jumuiya. Padre aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua macho, akalitazama bati. Wazee nao wakatazama juu. Hakuna aliyesema kitu. Wakaaga, wakaondoka.

Tangu siku ile, kila nikisoma historia ya Kanisa nakitafuta kile kiti. Na hili ndilo nililokuja kuwaambia: wanaotuonya tusichanganye dini na siasa huiogopa sauti ya askofu. Mimi nakiogopa kiti. Aibu zetu kubwa zilikomaa pale mkubwa wa Kanisa na mkubwa wa dola walipokaa karibu mno, kila mmoja akamwonea mwenzake haya, swali likakosa wa kuliuliza.

Tuanze na hapa nyumbani. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, kisha mwaka 1946 akarudi kufundisha St. Mary's chini ya Padre Richard Walsh wa White Fathers, shirika la wamisionari, na padre huyo ndiye aliyemhimiza aende Edinburgh mwaka 1949. Kanisa lilimlea. Lakini mwaka 1955, akiwa mwalimu wa shule ya misheni ya Pugu na rais wa TANU, alitakiwa achague moja, ualimu au siasa. Akaacha ualimu, akaacha na mshahara, akiwa na mke na watoto. Nawaomba mlitafakari hilo, maana miaka mitatu baadaye, Januari 1958, aliposimama mbele ya mkutano wa TANU katika mji huu kuwashawishi wenzake wakubali uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, alisimama akiwa hadaiwi na misheni yoyote. Alipokuwa Rais shule za misheni zikataifishwa, na bado aliendelea kwenda misa. Oktoba 1970 alialikwa New York na masista wa Maryknoll, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupigana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, watu wataliona kuwa sehemu ya mifumo hiyo. Yaani alilitaka Kanisa liseme zaidi, hata yeye akiwa ndiye mtawala.

Nisije nikampamba kupita kiasi. Mwaka 1968 serikali yake iliipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya Waislamu iliyokuwa na mizizi mirefu Afrika Mashariki. Miji kama Ujiji na Tabora ina wazee wa Kiislamu walioijenga TANU kwa fedha zao na kwa miguu yao, na kidonda kile wengine wanacho mpaka leo. Ndugu zao Wakatoliki tunapaswa kulisikiliza hilo bila kupandisha sauti. Aliyekaa karibu na kiti huwa haoni nani amebaki mlangoni.

Sasa tuvuke mpaka, twende Rwanda. Hapo naomba mniwie radhi nikichukua muda. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya MRND, chama pekee cha Rais Habyarimana. Sisemi alikuwa na urafiki na chama. Alikuwa mjumbe, kwa miaka mingi, huku vitambulisho vya raia vikiandikwa Mhutu au Mtutsi na shule zikigawa nafasi kwa kabila. Nani angemwambia Rais kwamba hii ni dhambi, ikiwa mchungaji mkuu wa mji mkuu alikuwa ndani ya kikao? Mwaka 1994 mauaji ya kimbari ya Watutsi yalipoanza, neno la maaskofu lilitoka limechelewa na limelegea. Askofu Mkuu mwenyewe aliuawa Juni mwaka ule, pamoja na maaskofu wengine wawili, kwa mikono ya askari wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ile.

Parokia ya Nyange, Aprili 16, 1994. Watutsi wasiopungua 1,500 walikuwa wamejifungia kanisani, wakiamini hakuna atakayeimwaga damu pale. Tingatinga likaletwa, ukuta na paa vikawaangukia. Padre wao, Athanase Seromba, alikubali kanisa libomolewe. Baadaye alionekana Italia, akihudumu parokiani kwa jina jingine. Mwaka 2002 alijisalimisha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha ilimpa miaka 15, na rufaa ya mwaka 2008 ikaifanya kuwa kifungo cha maisha. Mimi nilikuwa nafundisha kidato cha nne wakati wa kesi ile, na mwanafunzi mmoja aliniuliza: mwalimu, huko Italia nani alimpokea? Sikuwa na jibu la kumpa.

Nchi ile ile, mji wa Gisenyi, alikuwepo Félicité Niyitegeka, mlei aliyejiweka wakfu, Mhutu. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimwandikia aondoke ajiokoe. Akakataa kuwaacha Watutsi aliowahifadhi, akauawa pamoja nao. Hakuwa na kiti popote. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha mbele ya Rais Kagame kwa dhambi za Kanisa na wana wake. Hesabuni wenyewe: miaka 23.

Ireland ni habari ya namna nyingine, na inaniumiza kwa sababu haikubaliani vizuri na maneno yangu. Askofu Eamonn Casey wa Galway alikuwa mtetezi wa maskini. Alihudhuria mazishi ya Askofu Mkuu Romero, aliyeuawa huko El Salvador mwaka 1980 kwa kuwatetea maskini. Rais Reagan wa Marekani alipokwenda Galway mwaka 1984, Casey alikataa kukutana naye kwa sababu ya vita vya Amerika ya Kati. Kiti alikikataa, mnaona? Mwaka 1992 ikafichuka kwamba alikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1974, na kwamba alichukua fedha za jimbo kumlipa mama wa mtoto. Akajiuzulu, akaondoka nchini. Baada ya kifo chake mwaka 2017 zikatangazwa shutuma nzito zaidi, za kunyanyasa watoto kingono. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kweli mbele ya Rais wa Marekani na nyumbani kwake kuna mlango umefungwa. Sauti nzuri haituambii kilicho nyuma ya mlango. Hili nalikiri, nalo limenilazimisha kuongeza swali ambalo nitawauliza mwishoni.

Lakini Ireland kiti kilikuwepo, tena cha nchi nzima. Polisi hawakumuuliza padre, waziri hakumuuliza askofu. Padre Brendan Smyth alidhuru watoto kwa miongo mingi, wakubwa wake wakimhamisha kutoka mahali hadi mahali. Polisi wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, walipoomba akabidhiwe mwaka 1993, jalada lilikaa miezi saba kwenye ofisi ya mwanasheria mkuu wa serikali mjini Dublin bila kushughulikiwa. Mwaka 1994 Waziri Mkuu Albert Reynolds alitaka kumpandisha mwanasheria mkuu yuleyule kuwa rais wa Mahakama Kuu. Chama cha Labour kikatoka serikalini, na Novemba Reynolds akajiuzulu. Jalada moja la padre mmoja liliiangusha serikali. Baadaye zikaja ripoti za uchunguzi, na Julai 2011 Waziri Mkuu Enda Kenny, Mkatoliki, akasimama bungeni kuilaumu Vatican kwa maneno makali. Maaskofu waliposema juu ya kura ya maoni ya utoaji mimba mwaka 2018, theluthi mbili ya wapiga kura walikwenda upande wa pili. Mimi nasimama na mafundisho ya Kanisa juu ya uhai. Ndiyo maana inaniuma: siku tuliyohitaji kusikilizwa, tulikuwa tumeshamaliza akiba.

Marekani nitapita haraka. Kardinali Theodore McCarrick wa Washington alikuwa rafiki wa maseneta na marais. Mwaka 2009 ndiye aliyeongoza sala kaburini kwa Seneta Edward Kennedy. Onyo juu ya mwenendo wake na waseminari lilikuwa limefika Roma kwa barua ya Kardinali O'Connor mwaka 1999, naye McCarrick akaandika kukanusha, akaaminiwa, akapewa Washington. Aliondolewa utumishi mwaka 2018, akavuliwa daraja mwaka 2019. Mwaka huo huo gazeti la Washington Post likaandika kwamba alikuwa amegawa zaidi ya dola 600,000 kwa viongozi wa Kanisa kwa miaka mingi, wengine wakiwa Roma. Bahasha, ndugu zangu. Sijui kama kila aliyepokea alinunuliwa. Padre wetu wa kigangoni hakununuliwa. Alitazama bati tu.

Sauti isiyo na deni inafananaje? Malawi, Machi 8, 1992. Maaskofu saba waliandika barua ya Kwaresima juu ya njaa, hofu na watu wanaofungwa bila kesi, ikasomwa makanisani siku moja. Polisi wakawaita, na katika kikao cha chama ikazungumzwa wauawe. Mwaka 1993 wananchi wakapiga kura kuukataa utawala wa chama kimoja, na mwaka 1994 Rais Banda akatoka madarakani.

Na karibu zaidi ni Burundi mwaka 2015. Rais Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu, maaskofu walisema wazi kwamba mihula ya rais ni miwili, kisha wakawaondoa mapadre wao kwenye kamati za uchaguzi. Mwezi Mei ule nilikuwa Kigoma, tunapika uji kwa wakimbizi walioletwa na MV Liemba kutoka Kagunga, wamejaa uwanja wa Lake Tanganyika. Nilimpa kikombe mama mmoja wa Makamba, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono kama kamba ya kufungia mzigo. Nikamuuliza, kwa Kiha changu na Kirundi chake, kama wanawalaumu maaskofu. Akasema: “Hapana. Walisema tukiwa bado nyumbani.” Akanywa uji. Nimelibeba neno hilo miaka yote hii. Walisema tukiwa bado nyumbani.

Kwa hiyo TEC, baraza la maaskofu wetu Wakatoliki Tanzania, ilipotoa tamko la Agosti 18, 2023 kuupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, na wengine wakakasirika, mimi nililisoma lote kwa utulivu. Mtu anaweza kupingana nalo hoja kwa hoja. Padre Kitima, katibu mkuu wa TEC, aliposhambuliwa Kurasini usiku wa Aprili 30, 2025, nililia. Sauti hiyo naitaka iwepo. Naitaka isiwe na bati juu yake.

Tulichofanya sisi kigangoni ni hiki: misimu miwili ya mavuno tulichangishana, wengine fedha, wengine debe la maharage, tukarudisha gharama ya mabati yale 80. Yule mheshimiwa hakupenda. Mtunza hazina alimsubiri nje ya ofisi siku mbili mpaka akasaini.

Lakini Casey ananikatalia kuishia hapo, kwa sababu yeye hakudaiwa bati na mtu. Mei 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo duniani liwe na njia ya wazi ya kupokea malalamiko dhidi ya kiongozi wa Kanisa anayemdhuru mtoto au mtu dhaifu, na kwamba askofu naye anachunguzwa. Naomba mnyooshe mikono. Mtoto wako akikuambia jambo leo usiku, nani hapa anajua jina la mtu wa kumpelekea, nje ya polisi?

Naona mikono mitatu. Wawili ni masista.

Baba Paroko, nakuomba kwa heshima yote: Jumapili hii, kabla hujasoma matangazo ya ndoa, jina la mtu huyo na namba yake ya simu visomwe misa zote, na vibandikwe mlangoni kwa maandishi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyasoma.