Trekta lake, shamba si lake: nimefika Laxton

Haya wanangu mambo vipi, na wazee wote mnaoangalia shikamooni, bibi kule Kibosho shikamoo, nasikia siku hizi unaangalia video zangu zote mpaka bando la wajukuu linaisha. Leo sipo mjini, leo nipo shambani kabisa, viatu vyangu vyote tope, na hili tope la huku ni la mfinyanzi, likikamata soli halitoki, yani natembea kama nimevaa matofali. Upepo nao mnausikia, samahanini na sauti.

Nimekuja huku kwa sababu ya komenti. Kuna kaka mmoja aliandika kwenye video iliyopita, akasema "huko kwa wazungu kila mkulima ana shamba lake na hati yake kabatini, ndo maana wameendelea". Nikacheka peke yangu kwenye basi. Kaka yangu, ngoja nikuonyeshe kijiji.

Hapa panaitwa Laxton, mkoa wa Nottinghamshire, ule ule wa Robin Hood, karibu na vimji vya Ollerton na Tuxford. Angalieni hapo nyuma yangu. Mnaona wigo? Hakuna. Uingereza yote ukipita na treni unaona mashamba yamekatwakatwa na wigo kama gazeti lililokunjwa, lakini hapa ni uwanda mmoja wazi, alafu ukiangalia vizuri chini unaona ngano imeota kwa vipande virefu vyembamba, hiki cha huyu, hicho cha jirani yake, kile cha yule mwingine, kinachovitenganisha ni mstari tu na kigingi. Mashamba makubwa ni matatu, West Field, Mill Field na South Field, na kila mkulima ana vipande vyake vimetawanyika humo, sio sehemu moja. Hivi ndo Uingereza sehemu kubwa ilikuwa inalimwa zamani za ng'ombe wa plau. Saivi Laxton ndo mfano maarufu kabisa uliobaki unaofanya kazi kweli, sio maonyesho.

Na sasa kaka wa komenti kaa vizuri. Hawa wanaolima hapa ni wapangaji. Trekta lake, mbegu zake, jasho lake, ardhi ya mtu mwingine, kodi analipa. Na wengine ni familia ambazo babu alilima, baba akalima, yeye analima, wote wapangaji!

Mwenye ardhi ndo anayebadilika. Mwaka 1635 ilikuwa ya Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London, ndo akamwajiri mpima ardhi Mark Pierce achore ramani ya kijiji kizima. Hiyo ramani ipo mpaka leo Oxford, kwenye maktaba ya Bodleian, na ni kitu cha ajabu, imechorwa kila kipande, zaidi ya vipande 2,000, na humo humo kachora vijitu vidogo wanalima na plau, wanavuna, wengine wanawinda. Mimi nimeona nakala yake tu pale kwenye kijumba cha makumbusho, nikasimama mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Alafu mjue huyo huyo Courten ndo aliyetoa hela za kupeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza Barbados mwaka 1627, na tunajua Barbados iligeuka nini baadae, miwa na watu wetu kwenye minyororo. Mkulima wa hapa yeye alijua tu kodi inaenda London. Ilienda wapi baada ya hapo, hayo hakuulizwa.

Baadae ardhi ikaingia kwa ukoo wa Pierrepont, ambao ndo wakaja kuwa kina Earl Manvers wa Thoresby, mashamba na jumba lao hapo jirani tu. Wakakaa nayo mpaka 1952, serikali ikainunua kupitia wizara ya kilimo ili huu mfumo usife. 1981 ikahamishiwa Crown Estate, ile taasisi inayosimamia ardhi ya ufalme. Alafu 2020 Crown Estate ikauza, na aliyenunua nani? Thoresby tena, kwa ahadi kwamba huu mfumo utaendelea. Yani imezunguka miaka karibu 70 ikarudi mlango ule ule. Wapangaji wao wapo tu hapo wanamwangalia mwenye nyumba mpya anaingia, na msimu wa kupanda ngano haungoji.

Sasa swali, kwa nini hapa wigo haukufika? Huko kwingine, kati ya 1604 na 1914 bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufunga mashamba ya wazi, zikagusa kama ekari milioni 6.8. Ilikuwa hivi, wakubwa wanaenda bungeni, vipande vinakusanywa vinagawanywa upya, kila mtu na eneo lake na wigo wake. Kwenye karatasi safi kabisa. Lakini maskini aliyekuwa na ng'ombe wake mmoja anamchunga kwenye nyasi za kijiji, anaamka asubuhi nyasi zina mwenyewe. Wengi wao ndo wakaishia kuwa vibarua, wengine mjini. Laxton wenye ardhi hawakuelewana kwa muda mrefu na zoezi lenyewe lina gharama, basi likapita pembeni. Mimi nasema kuna kijiji kimeokolewa na ugomvi wa matajiri.

Na ndo maana nyumba nyingi za wakulima zipo barabarani hapo kijijini, zimebanana. Vipande vyako vikiwa kila upande utajenga wapi? Unajenga katikati kama wenzako. Kama vijiji vya ujamaa vya Mwalimu vile, tofauti hapa hakuna aliyepakiwa kwenye lori.

Haya, sasa utamu wenyewe. Mashamba yanazunguka miaka mitatu, hili ngano, lile mazao ya kupanda majira ya kuchipua, lile lingine linapumzika. Huwezi kuamka ukasema mimi mwaka huu nafanya yangu. Na nani anasimamia? Wana baraza lao, linaitwa Court Leet, la enzi na enzi. Mwishoni mwa Novemba wazee wa baraza, ambao ni wakulima wenyewe, wanapanda kwenye tela la trekta wanaenda kukagua shamba lililopandwa ngano. Wanapiga vigingi kwenye mipaka, wanaangalia nani kalima akaingia kwenye njia, nani kamega zile nyasi za pembeni zinazoitwa syke, nani kamchokonoa jirani. Alafu wanaenda kula. Wiki inayofuata baraza linakaa, linakaa wapi? Baa! Baa ya hapa kijijini inaitwa Dovecote Inn, jina linasomwa, kosa linasomwa, faini inatajwa, paundi chache tu, ila imesomwa mbele ya majirani zako wote na glasi zao mkononi. Hiyo ndo faini yenyewe. Mwaka 1977 sheria ilizinyang'anya mahakama za aina hii nguvu zake nchi nzima, ya Laxton ikaachiwa kazi yake.

Wachaga wenzangu mshaelewa naenda wapi. Vigingi hivi si ndo masale, ile mimea tunayopanda mipakani! Kwetu ukitaka kujua mpaka unaangalia sale, na ukitaka kujua ugomvi unaangalia sale lililohama usiku.

Kuhusu upangaji wenyewe, msidhani sheria imekuwa ya huruma siku zote. Vita vilipoisha nchi ilitaka chakula, kwa hiyo 1948 mpangaji wa shamba akapewa usalama wa maisha yake yote, hafukuzwi ovyo. 1976 ikaongezwa, akifa mtoto anaweza kurithi upangaji, na wa baada yake tena, vizazi viwili. Kurithi kupanga, fikiria! Lakini kwa mikataba mipya hiyo ikafutwa 1984, na tangu Septemba 1995 mnakubaliana tu miaka, mitano, kumi, ikiisha imeisha. Kwa hiyo kijana wa kiingereza anayeanza kilimo leo bila ardhi ya baba, huyo na mimi ninayepanga chumba tunaongea lugha moja.

Nilimkuta mzee mmoja geti la shamba, nikamuuliza hivi huumii kulima ardhi isiyo yako, akaniangalia, akaangalia ngano, akaniambia nisikanyage hapo. Nikasogea.

Chaji imebaki kidogo na vidole vimeganda, nikipata ruhusa nitarudi siku ya vigingi niwarekodie tela lenyewe. Mama kama unaangalia, mwambie baba mdogo lile sale la kule chini karibu na mfereji tuliliona.