Seta yenye haiulizi kitu

Jambo yenu bote, asanteni kuja na hii mvua ya Bukavu. Leo naongea juu ya kuchunga data mu programu, na geta na seta, vile vipande vya kode vya kusoma data (geta) na vya kuibadilisha (seta), na mufano wangu ni magunia ya unga tu.

Wakati naanza kuandika programu nilimtengenezea mama mkubwa, ana depo ya unga ku Kadutu, kaprogramu kadogo mu Python, luga ya kuandikia programu. Mu klasi Depo (klasi ni kiolezo chenye kinashika data na kode yake pamoja) niliweka stock, hesabu ya magunia, hivi hivi wazi, kila fayilo inaingia inaandika yenye inataka. Siku moja ananiita, "weye mutoto kuja uone", naangalia kioo: magunia -12. Ananiuliza, sasa hayo kumi na mbili nani ananidai? Nilitafuta usiku mzima, kumbe fayilo ya fakitire ilikuwa inapunguza bila kuangalia kama unga iko.

Basi jina stock nikaliandika _stock, na alama ya chini mbele. Mujue ile alama ya chini mu Python haifungi kitu, ni pazia ku mlango, mwenye adabu anapiga hodi, mwenye hana anaingia tu. Ukiweka mbili, __stock, jina linageuka _Depo__stock, na hata hiyo si kufuli, ni juu klasi ya mutoto (yenye inarizi kode ya klasi ingine) isigongane jina na ya muzazi. Java, luga ingine, njo inafunga: ukigusa kitu chenye kiliandikwa private kutoka klasi ingine, kompaileri, yenye inageuza kode kuwa programu, inakataa (ila objeti mbili, vitu vyenye vinatengenezwa na klasi moja, zinachunguliana, hapo wengi wanashangaa).

Njo maana batu ba Java wanaandika geta na seta toka siku ya kwanza, desturi yenye JavaBeans, kanuni za kuandika vipande vya Java, ilikaza 1997. Ukiacha wazi, kesho ukitaka kuweka kontrole, kila mwenye aliandika d.stock (d ni depo moja) lazima arudilie kode yake. Mu Python unaweza kungoja, shida ikifika unaweka @property, yenye inapitisha d.stock mu kontrole yako, na wengine hawasikii kitu.

Mimi nagombana na setStock. Zile naona mu kode zenu, getPrix, setQte, nusu Kingereza nusu Kifaransa, hizo sawa tu, shida ni seta yenye inapokea -12 inaandika -12. Mama mkubwa haseti stoki! Anauza, anapokea. Basi nikaandika uza(n) na pokea(n), mu uza n ikipita _stock, kataa, mu zote mbili n ikiwa chini ya moja, kataa pia, juu mutoto mumoja wa depo alijaribu kuuza -5 na stoki ikapanda. Seta nilitupa. Geta nilibakisha, mama anapenda kuangalia hesabu yake kila jioni mbele ya kufunga depo.