Bodi Haibebi Sakafu: Maneno kwa Mafundi wa Vigae

Ndugu zangu, wazee wangu mliokaa mbele, dada zetu mafundi, asanteni kwa kuja na baridi hii. Waandaaji wameniomba nizungumzie mitindo mipya ya vigae vya bafuni. Nitaizungumzia muda ukibaki. Hautabaki.

Wanaonijua wanajua naanzia wapi: gundi ya vigae, ile ya unga wa saruji, chini ya bodi ya saruji, yaani ile bodi nyembamba inayolazwa juu ya mbao kabla ya vigae. Chini, jamani. Ile ya juu, ya kubandikia kigae, hakuna anayeisahau.

Wengi wetu kazi hii tumeifunzwa Dar, Mombasa, Nairobi, wengine Bukavu. Kule chini kuna zege. Ukilipiga pima maji, ukaona limekauka na halina vumbi, unabandika. Hapa Minnesota, Marekani, nyumba ni mbao toka juu hadi chini. Boriti zimepangwa kila inchi 16, juu yake plaiwudi, basi. Januari hita inakausha nyumba mpaka midomo inapasuka, na mbao zinasinyaa. Julai unyevu unarudi, zinavimba. Kigae hakina habari na hayo. Kimetulia, hakisinyai wala hakivimbi. Ukikibandika moja kwa moja kwenye mbao umewafungisha ndoa watu wasioelewana. Ndiyo maana tunaweka bodi katikati.

Sasa kuna fundi anayedhani bodi inatia sakafu nguvu. Haitii! Bodi ya robo inchi ibebe kwa ubapa uone inavyojikunja kwa uzito wake yenyewe. Sakafu inayocheza kabla ya bodi itacheza baada ya bodi. Kipimo tunachotumia kwa vigae vya kawaida ni urefu wa boriti ugawe kwa 360. Boriti ya futi 12 ni inchi 144, kwa hiyo ruhusa yake ya kupinda ni 0.4 ya inchi, haizidi hapo. Mteja akitaka mawe ya asili, gawa kwa 720. Ukitembea bafuni na mswaki unagonga glasi pale kwenye sinki, usifungue hata boksi moja la vigae. Teremka chini ukaongezee boriti kwanza.

Niwape ya nyumba moja ya St. Paul, bafu la ghorofani. Grauti, ule ujazo wa kati ya vigae, ilikuwa imepasuka mstari mmoja mnyoofu, kutoka mlangoni mpaka kwenye beseni la kuogea. Fundi aliyetangulia alikuwa akiijaza upya, inapasuka palepale, na jibu lake kwa mwenye nyumba lilikuwa kwamba nyumba "inajikalisha", yaani bado inatulia kwenye udongo. Nyumba ya tangu enzi za babu yake bado inajikalisha! Nikapiga magoti, nikagonga kwa mpini wa bisibisi. Ko, ko, ko, halafu bu. Ko, ko, bu.

Tukang'oa. Kigae kilikuja na bodi yake, vimeshikana vizuri kabisa. Juu huko fundi alifanya kazi safi. Chini ya bodi, plaiwudi kavu, nyeupe, muhuri wa kiwandani unasomeka kama imeshushwa jana kwenye lori. Hakuna hata tone la gundi. Na kuzunguka kila skrubu kulikuwa na kirundo cha unga wa kijivu, laini kama poda. Unga ule ni bodi yenyewe, imesagwa. Matundu ya skrubu yalikuwa yamepanuka mpaka vichwa vinapita. Na ule mstari wa grauti? Kiungo cha bodi kilikuwa kimelala juu ya kiungo cha plaiwudi, sawia, bila utepe.

Kilichotokea ni hiki. Plaiwudi haiko bapa, hata iwe mpya. Ina mabonde madogo ambayo jicho halioni. Ukilaza bodi kavu juu yake, kwenye mabonde panabaki hewa. Kila mtu akikanyaga bodi inashuka, akiondoa mguu inapanda, na skrubu inakula tundu. Gundi ya chini kazi yake ni kujaza yale mabonde. Kushikilia bodi ni kazi ya skrubu. Kwa hiyo usiniambie "fundi, mimi nimeongeza skrubu". Umeongeza matundu.

Najua mwingine anasema moyoni: siku ya kubomoa, bodi yenye gundi itamtesa mtu. Ndiyo, itamtesa huyo mbomoaji. Wewe unalipwa na nani, mbomoaji au mwenye bafu? Mwingine anasema mfuko wa gundi ni hela. Ni hela. Piga hesabu ya kurudi kung'oa bafu zima bila malipo, halafu tuzungumze.

Fagia plaiwudi, kisha pakaa gundi kwa mwiko wenye meno ya robo inchi, eneo la bodi moja tu. Laza bodi gundi ikiwa mbichi, kaza skrubu papo hapo, kila inchi 8, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukipakaa chumba kizima halafu ukaenda kunywa chai, umeharibu. Skrubu ziwe za bodi ya saruji. Zile nyeusi za jipsamu hukatika vichwa na hushika kutu. Viungo vya bodi vipishane, visikutane pembe nne mahali pamoja, na visiangukie viungo vya plaiwudi. Kati ya bodi na bodi acha thumuni ya inchi, ukutani acha robo. Utepe uwe ule wa nyuzi za kioo uliotengenezwa kwa saruji, kwa sababu wa jipsamu huliwa na magadi ya saruji. Ujaze kwa gundi ileile, usiipandishe mgongo.

Nimeoneshwa saa. Haraka basi.

Maji: bodi haiozi, lakini hainyimi maji njia. Maji yanapita, yanaifikia mbao, na mbao inaoza kimyakimya. Hasa kwetu sisi tusiooga bila ndoo na kopo! Bafu za hapa hazina tundu la kutolea maji sakafuni. Ukimwaga nje ya beseni yanabaki hapo. Paka kizuia maji juu ya bodi kabla ya vigae, na mwelezeni mteja, hata kama ni shangazi yako.

Choo: bodi na kigae vinainua sakafu, kwa hiyo pete ya bomba la choo nayo lazima ipandishwe ikae juu ya kigae kipya. La sivyo nta ya kuziba kati ya choo na bomba haitafika.

Kukata: kwaruza kwa kisu, vunja. Msumeno wa umeme ndani ya chumba unatoa vumbi la silika, na mapafu hayauzwi dukani.

Na ukifunua sakafu ya zamani ukakuta vigae vya plastiki vya inchi 9 kwa 9, weka nyundo chini. Vingi vina asbesto. Funga mlango, mwambie mwenye nyumba vipimwe kwanza, usivikwangue.

Maswali? Wewe wa nyuma mwenye kofia, anza. Ila kama ni "je, gundi ya chini ni lazima", kaa tu.